Ndugu Wawili na Mfalme Mmoja

Filamu iitwayo kwa Kiingereza The Other Boleyn Girl ilitoka mwaka 2008. Huku kwetu Fizi na Baraka imefika katika nakala ya Kifaransa, kwa jina la Deux sœurs pour un roi, nayo huonyeshwa jioni katika vyumba vya video karibu na soko, mashine ya umeme ikinguruma nje na kijana mmoja akiwafasiria watu kwa Kiswahili. Juu ya ufasiri wake hatusemi kitu, ila kwamba kila alipokosa neno alicheka, na watu wakacheka naye. Wengi walitoka wakisema jambo moja: Tazameni wanawake walivyomharibu mfalme! Kwa ajili ya usemi huo tumeona yafaa kuipima filamu hii, maana twadhani waliosema hivyo walitazama picha wasiwatazame watu waliomo.

Habari yenyewe ni ya Uingereza, zamani za mfalme Henry wa Nane. Malkia Catherine wa Aragon hakumpatia mtoto wa kiume aliyeishi. Thomas Boleyn, mtu wa cheo cha kati mwenye tamaa ya cheo kikubwa, ana mabinti wawili, Anne na Mary. Yeye na shemeji yake, mtawala wa Norfolk, waafikiana kumweka Anne mbele ya macho ya mfalme. Mfalme ampenda Mary, ambaye amekwisha kuolewa. Haidhuru, Mary apelekwa. Akiisha kuwa mja mzito na kulazwa, mfalme asije akatazama nyumba nyingine, Anne aletwa kushika nafasi ya ndugu yake. Anne akataa kuwa kimada, ataka kuwa malkia, na apata. Mwisho wake ni upanga, tarehe 19 Mei 1536.

Filamu yasema Anne ndiye mkubwa. Wanahistoria wengi waona kinyume, kwamba Mary alitangulia kuzaliwa. Hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni jinsi filamu ilivyowagawia hao ndugu rangi mbili, kama kanga: Mary mpole, mwenye nywele nyepesi, asiyetaka kitu, Anne mwerevu, mwenye ulimi, mwenye kutaka vyote. Scarlett Johansson na Natalie Portman wafanya kazi yao vizuri, hatuwalaumu. Lakini mtazamaji akisha kupewa mwema na mbaya hatafuti tena mwenye kosa. Ndiyo maana watu wetu walitoka chumbani wakimlaumu Anne.

Na kumbe filamu yenyewe, katika sehemu zake bora, yamwonyesha mwenye kosa waziwazi! Kuna mahali ambapo Mary, asubuhi baada ya usiku wake wa kwanza kwa mfalme, asimamishwa mbele ya baba yake na mjomba wake naye aulizwa juu ya mambo ya usiku ule, kama vile mtu aulizavyo habari za ng'ombe aliyepelekwa mnadani: amepokewa? amependwa? ataitwa tena? Binti ainama. Wazee wapeana macho. Hakuna matusi wala kipigo, na kwa hiyo twatetemeka zaidi. David Morrissey, aliyeigiza mjomba, ana uso wa mtu anayepiga hesabu. Mark Rylance, aliyeigiza baba, ana uso wa mtu anayejua kuwa atenda vibaya na bado aendelea. Kwetu sisi uso huo ndio unaoogopesha kuliko mwingine wote. Mama peke yake, Kristin Scott Thomas, asema neno la kupinga, wala hasikilizwi.

Mjomba kwetu ni mtu wa kukimbiliwa. Binti akionewa nyumbani kwa baba yake, hukimbilia kwa ndugu ya mama. Katika filamu hii mjomba ndiye aliye sokoni. Na mume wa Mary, William Carey? Hati za wakati ule zaonyesha kwamba alipewa mashamba na mapato na mfalme kati ya mwaka 1522 na 1526. Mume aliyelipwa, basi. Filamu yampitia upesi. Sisi tungalipenda ikae naye kidogo, maana watu wa namna yake hatuwakosi.

Watu wa Fizi hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote, kama jirani zao Wafuliiru walivyo na mwami wao. Lakini mtu mkubwa hakosekani mahali popote: tajiri mwenye maboti ziwani, mwenye cheo ofisini, na katika miaka ya vita iliyoanza 1996, mwenye bunduki. Kila mmoja wao amepata kumwona baba aliyemletea binti yake kabla hajaombwa. Sheria ya Kongo juu ya jamaa, iliyotolewa mwaka 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, yataka miaka 18 na ridhaa ya wote wawili. Baba wa namna hiyo hasomi sheria. Baadaye huja kwa mkatekista ili ndoa itengenezwe, na binti akiulizwa kama amependa mwenyewe, humtazama baba yake kwanza. Twayajua macho hayo. Mary wa filamu anayo.

Wako watakaosema kwamba hata Biblia ina ndugu wawili walioshindania mume mmoja, Lea na Raheli. Ni kweli, na hadithi ya kitabu cha Mwanzo yapita filamu hii kwa mbali. Labani aliwatumia binti zake wawili kupata kwa Yakobo kazi ya miaka kumi na minne. Wale ndugu wakaoneana wivu, wakahesabiana watoto, wakauziana hata zamu ya kulala na mume kwa tunguja za shambani. Maandiko hayafichi kitu. Lakini katika sura ya 31, Yakobo alipotaka kuhama, Raheli na Lea wakajibu pamoja kwa kauli moja, wakisema kwamba baba yao amewauza na kuila thamani yao. Walikuwa wamegombana miaka yote, na sasa wakamtambua aliyewagombanisha. Katika filamu tulingoja mahali pa namna hiyo. Mary na Anne wapatana karibu na mwisho, walia pamoja, na Mary aenda kumwombea ndugu yake kwa mfalme; hayo yagusa moyo. Ila hatukuona wakisimama wawili mbele ya baba yao na kumwambia hesabu yake.

Upungufu wa pili ni wa ajabu, kwa kuwa wahusu jina lenyewe la filamu. Ukitunga mchezo juu ya ndugu wawili na mfalme mmoja, yafaa ujue kwamba undugu huo ulikuwa kesi. Henry alidai kwamba ndoa yake na Catherine ni batili, kwa sababu Catherine alikuwa mjane wa kaka yake Arthur, aliyekufa mwaka 1502. Alishika kitabu cha Walawi kinachokataza mke wa ndugu. Wengine wakamjibu kwa Kumbukumbu la Torati, kinachoamuru ndugu amwoe mjane asiye na mtoto. Papa Julius wa Pili alikwisha kutoa ruhusa mwaka 1503, na ndoa ilifungwa 1509. Sasa dhamiri ya mfalme ikaamka, baada ya miaka kumi na minane! Lakini sheria ya Kanisa ya siku zile ilihesabu pia ukwe utokanao na uzinzi: mtu aliyelala na mwanamke hawezi kumwoa ndugu yake. Mkusanyo wa Sheria wa mwaka 1917 ndio uliobadili jambo hilo. Basi Henry, aliyekuwa akilia kwamba amemwoa mke wa kaka yake, alimwomba Papa Clement wa Saba ruhusa ya kumwoa mtu ambaye dada yake amekwisha kuwa naye. Ruhusa ikatolewa mwishoni mwa mwaka 1527, kwa sharti kwamba ndoa ya kwanza ihukumiwe kuwa batili.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo Mary alipo mkubwa kuliko filamu inavyofikiri. Mwili wake uliingia katika barua za Roma. Mambo aliyotaka baba yake yawe siri ya chumbani yakawa kizuizi cha ndoa ya malkia. Mtungaji hodari angalijenga mchezo wote juu ya jambo hilo moja, na katika vijiji vyetu, ambako mabishano juu ya kurithi mjane wa ndugu hayajakwisha, watu wangalisikiliza mpaka usiku wa manane. Filamu haikuligusa. Imependelea mavazi, ambayo kwa kweli ni mazuri sana.

Tena wakati umekunjwa kama mkeka. Tangu Henry alipoanza kumtaka Anne mpaka kumwoa, mwanzoni mwa 1533, ilipita miaka sita au zaidi. Filamu yafanya ionekane kama masika mamoja. Hivyo twapoteza subira ya Anne, kitu cha kushangaza katika habari hii, na twapoteza pia shida ya Papa, ambaye mwaka 1527 mji wake ulitekwa nyara na askari wa Kaisari Charles, mtoto wa dada yake Catherine. Hatumtetei kwa kila jambo, alikawia, aliogopa. Hukumu yake ya kumpa Catherine haki ilitoka tarehe 23 Machi 1534, na huko Uingereza njia zilikuwa zimekwisha kutengana. Mtakatifu Thomas More na Askofu John Fisher, waliokatwa vichwa mwaka 1535, hatukuwaona katika filamu. Ana Torrent, Mhispania, aliyeigiza Catherine, amepewa dakika chache, na katika dakika hizo chumba cha video kilinyamaza. Hata mfasiri hakucheka.

Lingine latusumbua. Filamu yaonyesha mfalme akimtenza nguvu Anne kabla ya ndoa. Hakuna hati iliyosalia inayosimulia hivyo. Twaelewa mtungaji alitaka tumhurumie Anne mwishoni. Lakini kumzulia mtu aliyekufa dhuluma ambayo haikuandikwa, ilhali dhuluma zilizoandikwa zipo tele, ni uvivu. Dhuluma iliyoandikwa ni hii: tarehe 15 Mei 1536, Anne aliposhtakiwa kwa uzinzi na kaka yake George, aliyekaa katika kiti cha hakimu mkuu na kutamka hukumu ya kifo alikuwa mjomba wake, huyu huyu wa Norfolk. Na hakukoma. Mwaka 1540 binti mwingine wa ukoo wake, Catherine Howard, mtoto wa mdogo wake, aliolewa na Henry. Huyo naye alikatwa kichwa tarehe 13 Februari 1542. Norfolk mwenyewe alihukumiwa kufa, akapona kwa kuwa mfalme alitangulia kufa, tarehe 28 Januari 1547. Filamu yamaliza mambo ya baba na mjomba kwa maandishi machache mwishoni, ambayo kijana wetu hakuyafasiri kwa sababu watu walikuwa wanatafuta viatu.

Kuhusu Mary, picha ya mwisho yamwonyesha shambani pamoja na Elizabeth mdogo, mtoto wa Anne. Ni picha tamu, si ya kweli. Elizabeth alilelewa katika nyumba za mfalme. Mary alikuwa mjane tangu 1528, akaolewa kwa siri mwaka 1534 na William Stafford, mtu asiye na mali. Hakuulizwa baba wala mjomba, na kwa sababu hiyo alifukuzwa barazani na Anne mwenyewe. Alikufa mwaka 1543. Ndoa hiyo ya pili ndiyo ya kwanza aliyojichagulia, na filamu ingaliweza kukaa hapo robo saa.

Filamu ina dakika 115. Si ya watoto. Wanaotaka kuionyesha kwa vijana wa parokia au kwa akina mama wapate mfasiri aliyeitazama kwanza, wasimamishe mashine pale Mary anapohojiwa na wazee, na tena pale malkia Catherine anapojitetea, watu wapate kuulizana. Maandishi ya mwisho yasomwe yote kabla milango haijafunguliwa.