Uso wa Msikilizaji

Imekuwa ada, kila itokapo Ufaransa filamu ya vijana wawili wa jinsia moja waliopatwa na mahaba yao ya kwanza, watu kuihimidi kwa ajili ya machozi, na mvua, na kinanda kiliacho kabla ya mtazamaji kupata sababu ya kulia. Siwezi tena kuyastahimili maneno hayo, kwani sifa zimwagwapo pasipostahili huwadhulumu mafundi wenyewe.

Mizani yangu ni Les Roseaux sauvages ya André Téchiné, ya mwaka 1994. Kisa ni cha 1962, huko kusini-magharibi ya Ufaransa, vita vya Algeria vikiwa ukingoni: François, mwanafunzi wa bweni, amemwashiki Serge, mwana wa wakulima, Maïté, sahibu yake, moyo umemwelekea François, na Henri, mzaliwa wa Algeria, amejaa ghadhabu ya nchi inayompotea. Wasiojua hulitaja kwanza onyesho la kioo, François anapojikariria yeye ni nani. Ni onyesho jema, sikatai. Walakini ndani ya kioo hamna mtu wa pili, na ungamo lisilo na msikilizaji ni mazoezi tu.

Mjuzi hungoja duka la viatu. Mwenye duka, Bwana Cassagne, ajulikana mjini kuwa hupenda wanaume, na kijana yule, asiye na mwingine wa kumwendea, amfuata kumwomba shauri. Hapo usimtazame aulizaye, mtazame aulizwaye. Mwandishi dhaifu angempa mzee huyu hotuba ndefu ya hekima, nasi tungetoka tumefarijika na tumedanganywa. Téchiné amemnyima hotuba, akamwacha na swali zito kuliko uwezo wake, hata usoni pa mtu mzima asiye na jibu la kumfaa kijana tukaiona miaka mingi ambayo yeye naye hakuwa na wa kumwuliza. Basi hii ndiyo kanuni: ungamo hupimwa usoni pa aliyeambiwa. Ndivyo Maïté aambiwapo siri ya François, asimwache rafiki yake; ndivyo Serge, ambaye baada ya usiku wake na François bwenini hataki habari ile itajwe, ila urafiki haukatai.

Walaghai wa fani utawajua kwa mkasi wao: neno likishatamkwa tu, hukata, wakatuonyesha bahari. Mwongozaji Céline Sciamma hakukata. Katika Naissance des pieuvres ya 2007, filamu yake ya kwanza, uso wa msichana Marie kando ya bwawa la kuogelea wasikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Ama La Vie d'Adèle, iliyotunukiwa Palme d'Or mwaka 2013, wengi huisifia onyesho lake refu la kitandani, ambalo hata mwandishi wa kitabu cha katuni kilichoizaa alililaumu. Nami naona hapo ndipo Adèle hasikilizwi wala hasikilizi.

Fauka ya hayo, muziki usiutangulie uso, wazazi wasifanywe mashetani, na filamu ya namna hii isizidi saa mbili.

Nayo Les Roseaux sauvages, kazi ya Téchiné aliyezaliwa 1943, ilitokana na agizo la televisheni ya Arte, iliyowataka waongozaji tisa, wakiwamo Claire Denis na Olivier Assayas, kila mmoja atunge filamu ya ujana wa zama zake, ndani yake muwe na karamu na nyimbo za wakati ule. Tangu hapo sijaona televisheni iliyowaamini mafundi kiasi kile.