Maboksi ya Katikati ya Rundo

Tarehe 31 Desemba, wakati wengi wanatafuta pa kuukaribishia mwaka mpya, kuna vijana wanaopanda ngazi za chuma katika mabohari ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, wakihesabu. Mkono mmoja una orodha, mwingine una kalamu ya wino, kwa sababu penseli hufutika. Jasho linawatoka. Mtunza bohari anawafuata nyuma akiwaambia kwamba rundo lile ni la maboksi mia mbili, hakuna haja ya kupanda.

Mkaguzi wa hesabu aliyefunzwa vizuri hupanda hata hivyo. Haridhiki na maboksi ya pembeni. Huomba ya katikati yatolewe, maana rundo linaweza kupangwa likaacha uwazi ndani. Huomba mawili matatu yafunguliwe. Kisha hufanya jambo ninalolistahi kuliko yote katika kazi hii. Akishachagua vitu kwenye leja na kwenda kuvitafuta sakafuni, hugeuka, akachagua vingine sakafuni na kwenda kuvitafuta kwenye leja. Mara ya kwanza anajua kama kilichoandikwa kipo. Mara ya pili anajua kama kilichopo kimeandikwa. Mwenye kampuni anayetaka kuikuza faida mbele ya benki huongeza mali hewa kwenye leja. Anayetaka kuipunguza mbele ya Mamlaka ya Mapato (TRA) huiacha mali halisi nje yake. Ni udanganyifu wa aina mbili, na kila mmoja una njia yake ya kunaswa.

Kabla ya kuondoka hunakili namba ya hati ya mwisho ya kupokelea mzigo na ya mwisho ya kutolea mzigo. Hakuna anayemjali akiandika hayo. Lakini wiki kadhaa baadaye, mezani, namba hizo mbili zitamwonyesha iwapo mauzo ya Januari yamevutwa nyuma yakaingizwa Desemba.

Desturi ya kwenda kuona ilipatikana kwa gharama kubwa. Hadi miaka ya 1930, wakaguzi wa Marekani hawakulazimika kufika bohari. Walisoma orodha ya mali iliyotiwa saini na wakubwa wa kampuni, wakajumlisha, wakaridhika. Mwaka 1938 ikalipuka kashfa ya McKesson & Robbins, kampuni ya dawa. Rais wake, aliyejiita F. Donald Coster, jina lake halisi lilikuwa Philip Musica, mtu aliyekwisha kuhukumiwa huko nyuma. Kati ya mali za dola milioni 87 zilizokuwa vitabuni, takriban milioni 19 hazikuwepo kabisa: dawa ghafi zilizodaiwa kuhifadhiwa Kanada, na wadaiwa wasiokuwepo. Ndugu zake walisaidia kutengeneza hati za kununua, kusafirisha na kuuza mzigo ambao haukuwahi kushikwa na mkono wa mtu. Hesabu zilijumlika vizuri, na hati zilikubaliana. Aliyeshtuka ni mweka hazina wa kampuni, Julian Thompson, aliyejiuliza kwa nini idara yenye faida nzuri namna ile haileti fedha taslimu.

Mwaka uliofuata taaluma ikajiwekea sharti: mkaguzi ashuhudie mali ikihesabiwa, na awaulize wadaiwa moja kwa moja. Hata hivyo kushuhudia nako kuna ufundi wake. Katika kashfa iliyofichuka mwaka 1963 huko Bayonne, New Jersey, wakaguzi walikuwa wamepanda juu ya matangi ya mafuta ya kula na kutumbukiza vipimo, na wakayakuta mafuta. Chini yake palikuwa maji. Hasara ilizidi dola milioni 150, na kila mpishi wa mtaani angeweza kuwaambia mafuta hukaa wapi yakichanganywa na maji.

Barua ya uthibitisho ina heshima yake pia, ingawa ni karatasi moja isiyo na mbwembwe. Inaandikwa kwa jina la kampuni inayokaguliwa, inatiwa saini na mkurugenzi wake, inaiomba benki itaje salio la tarehe fulani. Ufundi uko katika safari yake. Mkaguzi anatafuta mwenyewe anwani ya benki badala ya kupewa, anaipeleka mwenyewe, na jibu linarudi kwake bila kupitia mikononi mwa mhasibu wa kampuni. Ikikatika hatua moja tu kati ya hizo, barua inabaki mapambo. Juni 2020 kampuni ya Wirecard ya Ujerumani ilikiri kwamba yuro bilioni 1.9, zilizodaiwa kuwekwa katika benki mbili za Ufilipino, huenda hazikuwahi kuwepo. Benki zenyewe zilisema hati zilizotolewa kwa jina lao ni za kughushi. Siku chache baadaye kampuni ikafungua shauri la kufilisika. Zaidi ya miaka 80 ilikuwa imepita tangu McKesson, na swali lilikuwa lile lile: nani aliulizwa, na jibu lilipitia wapi?

Hapa kwetu ufundi huu una uwanja wake. Chukua risiti tatu za EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti, kutoka kwa mzabuni mmoja, za Machi, Aprili na Mei. Kila moja peke yake ni safi. Ziweke pamoja, utaona namba zake zinafuatana, moja baada ya nyingine. Basi mzabuni huyo, kwa miezi mitatu, hakuwa na mteja mwingine duniani isipokuwa wewe. Au chukua orodha ya mishahara. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwaondoa zaidi ya watumishi hewa 10,000 katika orodha yake, na watu wengi walidhani kazi ile ni ya kusimamisha watu foleni na kuwaita majina. Mkaguzi mtulivu huanzia mbali zaidi. Hutafuta majina mawili yenye akaunti moja ya benki. Hutafuta mtu ambaye kwa miaka mitano hajaomba likizo, hajaugua, hajakopa, hajahamishwa, hajaandikiwa barua ya onyo. Mtumishi wa kweli huacha nyayo nyingi ofisini kuliko mshahara wake.

Mwaka 1981 Linda DeAngelo, mtafiti wa Marekani, aliugawa ubora wa ukaguzi sehemu mbili: uwezekano wa mkaguzi kuligundua kosa, na uwezekano wa kulitoa akishaligundua. Nakubaliana naye, na naona magumu ya kazi hii yanazipiga sehemu zote mbili.

Kuona kunahitaji saa. Kampuni nyingi hufunga mwaka tarehe moja, hivyo kazi zote humwagika katika miezi michache, na vijana waliomaliza chuo juzi ndio hutumwa kukabili wahasibu wa miaka ishirini. Wanaambiwa faili liko kwa bosi, na bosi amesafiri. Ada imeshushwa wakati wa zabuni, kwa hiyo siku zilizopangwa ni tano pale palipohitaji kumi na mbili. Sampuli inapungua. Nakala inapokelewa mahali pa hati halisi, na maelezo ya mdomo yanapokelewa mahali pa nakala. Saini ya mwisho haitofautiani kwa sura na ile iliyotokana na kazi kamili, na hilo ndilo linaloniuma.

Kusema kunahitaji uti wa mgongo, kwa kuwa anayekaguliwa ndiye anayelipa ada, na mwakani anaweza kumtafuta mwingine. Kwa mkaguzi wa umma shinikizo lina sura nyingine. Katiba ya Tanzania, ibara ya 143, inamlinda Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu asiingiliwe katika kazi yake; hata hivyo Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyeshika wadhifa huo wakati ule, baada ya yeye kuuita udhaifu wa Bunge udhaifu, alipoulizwa kuhusu hatima ya ripoti zake.

Wenye kampuni hupenda kuuliza ukaguzi unawaingizia nini. Jibu mara nyingi limo katika barua ya menejimenti, ile inayofuata ripoti na ambayo wengi huitia kabatini. Humo mna hoja ndogondogo zenye thamani kubwa: anayeidhinisha malipo ndiye anayesuluhisha hesabu za benki, wadaiwa wa zaidi ya miezi sita hawafuatiliwi, mafuta ya magari hayalinganishwi na kilomita. Kampuni inayofunga hoja hizo hukusanya madeni yake mapema, hupunguza upotevu, na hukaa mbele ya afisa mikopo ikiwa na hesabu zinazoaminika. Isiyozifunga hukutana nazo tena mwakani, zikiwa zimekua. Na wanaoumia si wenye kampuni peke yao: Imperial Bank ya Kenya ilifungwa Oktoba 2015, wiki chache baada ya mkurugenzi wake mkuu kufariki, na fedha zilizodaiwa kupotea zilizidi shilingi bilioni 30 za Kenya. Wenye akiba pale hawakuwa wanahisa wala wahasibu. Walikuwa wateja waliotegemea kwamba kuna mtu amepanda juu ya rundo kwa niaba yao.

McKesson yenyewe haikufa. Mali za uongo zilipofutwa vitabuni, ilionekana biashara halisi ya kusambaza dawa ilikuwa nzima, na ikaendeshwa chini ya usimamizi wa mahakama hadi ikasimama tena. Leo ni miongoni mwa wasambazaji wakubwa kabisa wa dawa duniani, na kila mwaka wakaguzi huenda kuhesabu mali yake.