Niletee Mbuzi

Nyumba nyingi za Kaloleni, pwani ya Kenya, zina mbuzi wa aina mbili. Yuko wa zizini, na iko ya jikoni: kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho mama hukikalia akikuna nazi. Mwenyeji husema mbuzi wa, husema mbuzi ya, na kwa hiyo herufi moja anajulikana anataka nini. Siku moja mtoto wa mgeni wetu kutoka bara aliambiwa na shangazi, "Mwanangu, niletee mbuzi." Akatoka uani, akarudi akivuta kamba. Hakukosea. Alitii maneno aliyopewa, nayo yalikuwa machache mno.

Namkumbuka mtoto huyo kila ninapokaa kuandika maelezo ya zana za wakala wa akili mnemba. Wakala huyu ni programu inayoongozwa na modeli ya lugha. Hupewa kazi ya kusaka hitilafu, akakabidhiwa zana zake: ya kusoma kumbukumbu za seva, ya kutafuta neno ndani ya msimbo, ya kuendesha majaribio. Haoni zana ilivyoundwa. Anachokiona ni jina lake, maelezo yake, na orodha ya vitu inavyotaka ili ifanye kazi; ndivyo ilivyo hata katika Model Context Protocol, utaratibu wa wazi uliotolewa na kampuni ya Anthropic mnamo Novemba 2024. Mgeni jikoni angeweza kumtazama mwenyeji usoni akajua ameleta sicho. Wakala ana maandishi tu.

Zana yangu ya kwanza niliieleza kwa sentensi moja: husoma kumbukumbu za seva katika muda uliotajwa. Niliiona inatosha. Kisha mfanyabiashara mmoja akalalamika kwamba malipo ya mteja wake yalikataliwa saa tatu asubuhi. Wakala akaitumia zana, akafungua kumbukumbu za saa 03:00, akapata orodha tupu, akaandika kwa uhakika kamili kwamba hapakuwa na hitilafu yoyote.

Saa tatu asubuhi ya Kaloleni ni 09:00 kwenye simu ya mkononi, na kwa seva inayohesabu kwa UTC ni 06:00, kwa kuwa Kenya iko mbele kwa saa 3. Wakati ni ule ule mmoja, una namba tatu, na mimi sikumwambia wakala hata moja. Tena sikumwambia orodha tupu ina maana gani. Niliandika upya jioni ile: muda uandikwe kwa UTC; mtu akisema saa kwa Kiswahili, igeuzwe kwanza (nikaweka na mfano); zana hurudisha mistari 100 kwa mara moja, ikizidi omba ukurasa unaofuata; orodha tupu ni dalili kwamba hakuna mstari katika muda huo, si ushahidi kwamba mfumo ni mzima; usiitumie kutafuta rekodi za malipo, iko zana yake. Sentensi moja ikawa aya. Msimbo wa zana sikuugusa. Wakala alirudi kwenye 06:00 akaukuta mstari: namba ya simu iliingizwa ikianza na 07 mahali palipotakiwa 254.

Sehemu ninayoiheshimu zaidi katika kazi hii ni ile ya kukataza. Kata na upawa vyote hutokana na kifuu cha nazi, vyote vina mpini, na asiyejua ataviona kitu kimoja. Kumwambia kwamba upawa ni wa kuchotea hakumsaidii, maana kata nayo ni ya kuchotea. Mwambie upawa ni wa mchuzi, usiutie mtungini, hapo atajua. Wakala mwenye zana mbili za kutafuta zinazofanana maelezo hubahatisha, na katika kusaka hitilafu kubahatisha hula saa nzima.

Ufundi wa kueleza kwa maandishi si mgeni huku kwetu. Rabai ni jirani zetu. Mwaka 1846 Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianza kituo cha misheni pale, na Krapf akawa anakusanya maneno ya Kiswahili na kuyaeleza. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Msomaji wake hakuwa na wa kumuuliza: hakuwahi kusimama chini ya mnazi, na mwandishi hayupo tena. Ilibidi kila alichokijua mwandishi kuhusu neno kiwe kimekwisha kuingia ukurasani. Ninapoandika kuhusu zana ndogo ya kusoma kumbukumbu, najiona niko katika ufundi huo huo, na nafurahi kwamba ulifanyiwa kazi umbali mfupi hivi kutoka kwetu.

Wewe unayeandika zana wiki hii, usiyapeleke maelezo yako kwa wakala kwanza. Mpe mtu ambaye hajauona msimbo wako, umwombe akuambie mambo mawili: ni lini hataitumia zana hii, na ataelewa nini ikirudi mikono mitupu. Akisita, kaa chini uandike tena.