Kichina chenye Sura ya Kijapani

Kijana wa Kamsamba anayejifunza Kichina ili afanye biashara mpakani Tunduma anaweza kunakili alama 直 daftarini jinsi hasa anavyoiona kwenye kompyuta, na bado mwalimu kutoka China akaipiga mstari mwekundu. Kijana hana kosa. Kompyuta ndiyo iliyomchagulia fonti ya Kijapani.

Chanzo cha tatizo hili ni cha zamani. Watungaji wa Yunikodi, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, waliona kuwa China, Japani na Korea zinatumia alama nyingi zenye asili moja, wakazipa namba za pamoja. Mwaka 1992 alama 20,902 ziliingizwa kwa utaratibu huo. Nafasi nyingi iliokolewa, ila namba haisemi alama ichorwe kwa mtindo wa nchi gani. Hiyo 直 ni U+76F4 kokote duniani. China huisimamisha juu ya mstari mlalo. Japani huichora kwa mkunjo unaoshuka upande wa kushoto, kisha ukapinda kwenda kulia.

Kompyuta huamuaje?

Segoe UI, fonti ya menyu za Windows, haina alama za Kichina. Mfumo ukikutana nazo hupekua orodha ya fonti za akiba, moja baada ya nyingine, mpaka upate yenye alama inayotakiwa. Kwenye Windows 7 ya Kiingereza, Meiryo ya Kijapani imetangulia Microsoft YaHei ya Kichina, kwa hiyo 直 hutoka Kijapani. Alama zilizorahisishwa na China, kama 车 na 说, hazimo ndani ya Meiryo, nazo huchukuliwa kwenye fonti nyingine. Sentensi moja hujikuta na herufi za unene na mitindo tofauti.

Linux nayo huitazama lugha ya mtumiaji. Mashine iliyowekwa sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, haitoi dokezo lolote kuhusu Kichina. Noto Sans CJK, iliyotolewa na Google pamoja na Adobe mwaka 2014, imebeba michoro 65,535, kiwango cha juu kabisa ambacho faili moja ya fonti inaruhusiwa kubeba. Michoro ya Kichina imo humo, lakini lugha isipotajwa, fonti yake kuu hutoa ya Kijapani.

Tiba ni kuitaja lugha waziwazi. Anayetengeneza tovuti aandike lang="zh-CN" kwenye maandishi ya Kichina. Anayetumia Word aweke SimSun au Microsoft YaHei kama fonti ya maandishi ya Kiasia, kisha ahifadhi kazi kama PDF ili fonti isafiri ndani ya faili hadi steshenari. Kwenye Linux, faili ya fonts.conf itangulize Noto Sans CJK SC, na amri fc-match sans:lang=zh-cn itaonyesha fonti iliyochaguliwa kwa Kichina.