Anguko la Kigogo bila Kura: Maisha ya Kisiasa ya Majoka kwa Jicho la Mwanakijiji wa Nyakasimbi

1.0 Utangulizi

Fasihi ya Kiswahili ina wanasiasa wengi wa kubuni, lakini ni wachache ambao utawala wao umechorwa kwa mapana kama ule wa Majoka, mtawala wa jimbo la Sagamoyo katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea (2015). Kuorodhesha maovu ya mhusika huyu ni kazi nyepesi, kwa kuwa mwandishi ameyaweka wazi. Swali gumu ni hili: mtawala wa aina hiyo anaondokaje madarakani? Sehemu hii inajadili kwamba Kigogo inaeleza kwa ufundi mkubwa namna madaraka yanavyolimbikizwa, ila inapofika kwenye kuyaondoa inaruka ngazi ambayo mwananchi wa kawaida huifikia kila siku, yaani mkutano wa kijiji na kura.

Usomaji huu unachukua nafasi ya msomaji wa Nyakasimbi, kata ya vijijini mkoani Kagera, katika eneo la Karagwe ya zamani ambalo mwaka 2012 liligawanywa na kuzaa Wilaya ya Kyerwa. Sagamoyo ni nchi ya kubuni, na jina lake, linalobeba maana ya kusaga moyo, halimfungi msomaji katika taifa moja. Hivyo basi, ni halali kuupima ujumbe wake kwa tajiriba ya mkulima wa kahawa na migomba, ambaye kwake serikali huanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, si kwa rais.

2.0 Namna Madaraka ya Majoka Yanavyojengwa

Madaraka ya Majoka yamesimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni nasaba. Katika maandalizi ya sherehe ya miaka sitini ya uhuru, wachongaji wanatakiwa kuchonga kinyago cha shujaa ambaye ni mhenga wa Majoka mwenyewe. Historia ya jimbo inageuzwa kuwa historia ya ukoo. Sudi anapokataa ujira mnono wa kazi hiyo, hakatai kipande cha mti tu. Anakataa kutia sahihi kwenye historia ya uongo.

Nguzo ya pili ni riziki. Majoka analifunga Soko la Chapakazi akikusudia kujenga hoteli mahali pake, na wakati huohuo Mamapima anapewa kibali cha kuuza pombe haramu. Matendo haya mawili yanapaswa kusomwa pamoja. Mwananchi ananyang'anywa mahali pa kujitegemea, kisha anapewa mahali pa kusahau kwamba amenyang'anywa. Ngurumo na wenzake walevi ni zao la sera hiyo, na ndiyo maana wanamtetea anayewaangamiza.

Nguzo ya tatu ni hofu. Jabali, mpinzani wa awali, ameshauawa tamthilia inapoanza. Tunu anavamiwa na kuumizwa mguu, na Ashua anatiwa kizuizini baada ya kwenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada kwa ajili ya watoto wake. Vitisho hivyo hupangwa kwa utulivu, Kenga akiwa mshauri. Ubora wa Kea unaonekana hapa: udhalimu haumo katika hasira ya mtu mmoja tu, bali katika vikao vya ofisini ambamo jambo ovu huzungumzwa kama ratiba ya kazi.

3.0 Namna Anavyoanguka

Anguko linaanzia nyumbani. Ngao Junior, mwanawe, anakufa kutokana na sumu ya nyoka, dawa ya kulevya iliyostawi chini ya utawala wa baba yake. Baadaye, katika tendo la mwisho, umma unakusanyika kwenye lango la soko badala ya kwenda kwenye sherehe ya mtawala. Kingi, mkuu wa polisi, anakataa amri ya kuwapiga watu risasi, na Kenga mwenyewe anageuka na kujiunga na wananchi.

Mfuatano huu una nguvu jukwaani, lakini umejengwa juu ya mambo ambayo mwananchi hawezi kuyapanga: kifo cha mtoto wa mtawala, dhamiri ya askari mmoja na kigeugeu cha mshauri. Tunu anatajwa kuwa mshindani wa baadaye, ila hakuna kura inayopigwa mbele ya hadhira. Kasoro hii si ya Kea peke yake. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Karama anaishinda hoja ya Waziri Majivuno kwa ufasaha, lakini ni mfalme anayetoa hukumu. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maksuudi anaporomoka hasa kwa kuvunjika kwa nyumba yake aliyoitawala kwa mabavu. Mfalme, majaaliwa na umati vinafanya kazi ambayo taasisi ingepaswa kuifanya.

4.0 Kinachokosekana

Msomaji wa Nyakasimbi analo la kuuliza hapa. Ukanda wake uliwahi kutawaliwa na wafalme wa Karagwe waliokuwa na makao Bweranyange, na mamlaka ya kurithi ya aina hiyo yalifutwa Tanganyika mwaka 1963 kwa sheria, si kwa umati kwenye lango. Aidha, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, unaowajumuisha wakazi wote watu wazima, ndio chombo chenye kauli ya mwisho katika sera za kijiji. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa, na hapo ndipo mwenyekiti anaweza kuulizwa fedha zimekwenda wapi. Ni kikao kisicho na mvuto wa kitamthilia. Mara nyingine hakitimizi akidi, na mara nyingine wenye sauti ni walewale. Hata hivyo, Majoka wadogo huzuiwa hapo kabla hawajawa Majoka wakubwa.

Inaweza kujibiwa kwamba umati wa Chapakazi ni ishara ya kura, na kwamba tamthilia haidaiwi kuwa kitabu cha uraia. Hoja hiyo ina uzito kiasi. Watu wanaomwacha mtawala na viti vitupu kwa hakika wametoa uamuzi. Lakini umati hukusanyika mara moja na kutawanyika. Haubaki kukagua hesabu za atakayefuata. Tamthilia inafungwa Tunu akiwa amepata imani ya watu, bila kuonyesha ni kipi kitakachomzuia yeye naye kuagiza kinyago chake.

5.0 Hitimisho

Kigogo inabaki kuwa kazi muhimu kwa namna inavyofichua uhusiano wa soko lililofungwa, kilabu kilichofunguliwa na mdomo ulionyamazishwa. Upungufu wake ni kumfundisha msomaji kuisubiri siku kuu ya ukombozi, ilhali uongozi mbaya hukua katika siku za kawaida. Mwanasiasa wa kubuni atakayeikamilisha picha hii ni yule atakayesimamishwa mbele ya wanakijiji wenzake, chini ya mti, daftari la mapato likiwa wazi, na kutakiwa ajibu.