Pongezi kwa Mafundi wa Ridhaa wa Koili ya Tesla

Tangu Nikola Tesla alipobuni mwaka 1891 koili inayobeba jina lake, yaani transfoma ambayo saketi zake mbili huwianishwa zitetemeke kwa masafa mamoja na kuzalisha volti nyingi mno, wamekuwapo mafundi wa ridhaa wanaoiunda kwa mapenzi ya elimu wala si kwa ujira, nao wanastahili pongezi za dhati kwa umahiri wao wa kutafuta hitilafu.

Wengi wao hutumia transfoma ya chuma ya mabango ya neoni, ambayo inaweza kutoa volti 15,000 kwa mkondo wa miliampia 30. Cheche zinapofifia, fundi hodari habahatishi: hukata umeme, huondoa chaji iliyobaki katika kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji inayoweza kuua hata umeme ukishakatwa, kisha hutenganisha sehemu na kuzipima moja baada ya nyingine. Kwa kuwa aghalabu kitovu cha waya za volti kubwa za transfoma hiyo huunganishwa na ardhi, hulinganisha ukinzani wa nusu zake mbili, na zikitofautiana sana hutambua kwamba mojawapo imekatika au imeungua. Ndipo huweka pengo la usalama, yaani nafasi ndogo ya hewa inayopitisha misukumo ya volti kabla haijatoboa kihami.

Nidhamu hiyo, inayotanguliza uhai kuliko cheche na kipimo kuliko dhana, ni elimu kamili inayostahili kuenziwa na kurithishwa.