Kibuyu Hakipulizwi

Mgeni akishika kibuyu cha ngoma ya mganda kwa mara ya kwanza hukipuliza, na kibuyu hunyamaza. Aliyekulia mwambao wa Ziwa Nyasa hucheka kidogo, kwa sababu tarumbeta hii haitaki pumzi, inataka sauti. Mchezaji huimba ndani yake, utando mwembamba uliobandikwa ubavuni ukatetemeka, na sauti ya mtu ikatoka imevaa mkwaruzo wa shaba.

Kukitengeneza ni kazi ya subira. Mumunye huachwa likomae shambani, likauke mpaka mbegu zicheze ndani. Ndipo hukatwa mdomo na kutobolewa tundu, na tundu hilo hufunikwa kwa utando wa buibui. Utando ukikazwa mno hupasuka, ukilegea kibuyu hukoroma. Kidogo huimba juu, kikubwa huunguruma, vingine huunganishwa mpaka tarumbeta ipate shingo ndefu.

Vikikutana na ngoma kubwa, bendi imekamilika. Kutoka Mbamba Bay hadi milima ya Umatengo huko Mbinga, wanaume hujipanga mistari, kaptura nyeupe, soksi zimevutwa hadi gotini. Anayengoja kuona watu wakirukaruka atangoja sana. Mguu huinuka kidogo, kisigino husita, goti hulegea, kisha mstari mzima hugeuka kana kwamba una shingo moja. Katika ngoma ya kutimua vumbi, aliyekosea hufichwa na vumbi lenyewe. Katika mganda hana pa kujificha.

Mistari hiyo ina asili ya gwaride. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli, wakati huo Sphinxhafen. Vita iliyofuata iliwazoa vijana wa pande zote za ziwa, wakawa askari na wapagazi. Wakakutana na beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya na kusafiri na majeshi. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Vijana walirudi na hatua za jeshi miguuni. Shaba hawakuwa nayo, ila mamumunye yalikuwepo shambani, na ng'ambo ya ziwa, Malawi, mganda ukaitwa malipenga. Amri waliyopigiwa kwa ukali wakaikabidhi kwa ngoma, na tangu hapo wanageuka kwa kupenda.

Hula, ngoma ya Hawaii, nayo ilipita kwenye mkono wa wakubwa. Mwaka 1830 Malkia Kaʻahumanu, aliyekuwa amebatizwa, aliipiga marufuku hadharani. Mfalme Kalākaua akairudisha uwanjani katika sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883. Wachezaji wa hula pia wana kibuyu, ipu, kinachopigwa kwa kiganja. Kwao kibuyu ni ngoma, kwa Wanyasa ni koo. Pande zote mbili, zao la bustani limebeba kile ambacho amri haikuweza kukifuta.

Wanawake wa ziwani wana ngoma yao, kioda, na ustadi wao unastahili makala yake. Mimi hubaki nikitazama kibuyu. Utando wake huchakaa na kuchanika, na hakuna duka linalouuza. Mwenye kibuyu huinua macho ukutani, penye buibui, akangoja afume mwingine.